Kutafuta Muziki Unaoendana na Hali ya Moyo Kwenye Redio za Intaneti

Zamani redio ya nyumbani ilikuwa moja, juu ya kabati la sebuleni, na aliyeamua nyumba nzima isikilize nini alikuwa mtangazaji. Asubuhi alitupigia muziki wa kuamsha watu, mchana akasoma salamu na maombi ya wasikilizaji, na Jumapili jioni akatuwekea zilipendwa, wakati wazee wamekaa barazani na hakuna anayetaka kelele. Mtangazaji mzuri aliijua hali ya watu wake kwa kutazama saa ya ukutani tu. Leo simu moja inafikia maelfu ya vituo vya redio kutoka kila pembe ya dunia, na kazi ile ya kuchagua imebaki mikononi mwetu. Matokeo yake mtu anabonyeza huku na huku kwa nusu saa, bando linakwisha, na moyo unabaki vilevile ulivyokuwa alipoanza.

Mwongozo huu ni kwa msikilizaji mwenye simu ya kawaida, bando la kiasi, na spika ndogo au spika za masikioni. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anakopelekwa: hali ya moyo aitaje msikilizaji mwenyewe, kwa maneno yake, kabla ya kufungua programu yoyote. Vibandiko vya hali, yaani majina ya hisia yanayobandikwa kwenye nyimbo, vilivyomo kwenye huduma nyingi za muziki havikutengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria taarab wala dansi, na vinapokosea hukosea pale panapouma.

Hatua ya kwanza: jipime kabla ya kubonyeza chochote

Kaa dakika moja kimya, simu ikiwa mezani. Jiulize maswali mawili, na kila swali ulipe alama kuanzia 1 hadi 5. La kwanza ni la mwili: nina nguvu kiasi gani sasa hivi? Alama 1 ni ya mtu ambaye hata kuinuka kufunga dirisha ni kazi, na 5 ni ya mtu asiyeweza kutulia kitini. La pili ni la moyo: moyo wangu ni mzito au mwepesi? Alama 1 ni moyo uliojaa, na 5 ni moyo mweupe kabisa.

Maswali hayo yana asili yake. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alionyesha kwamba maneno mengi ya kutaja hisia yanaweza kupangwa kwenye duara lenye mihimili miwili, mmoja ukitoka kwenye karaha kwenda kwenye raha, na mwingine ukitoka kwenye usingizi kwenda kwenye msisimko. Mwaka 2006 ilianzishwa Ufaransa redio ya intaneti iitwayo Musicovery, ambayo iliiweka mihimili ya namna hiyo kwenye kioo cha kompyuta: msikilizaji alibonyeza mahali fulani kati ya utulivu na nguvu, na kati ya giza na furaha, na nyimbo zikapangwa kufuata pale alipobonyeza. Wazo hilo ndilo msingi wa orodha nyingi za hali ambazo watu wanazikuta leo kwenye simu zao, ingawa siku hizi mihimili haionekani tena.

Baada ya alama, andika neno. Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko namba. Nguvu kidogo na moyo mzito ni unyonge, simanzi, sononeko. Nguvu nyingi na moyo mzito ni hamaki, au wasiwasi wa mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nguvu kidogo na moyo mwepesi ni utulivu, ile hali ya Ijumaa mchana baada ya pilau. Nguvu nyingi na moyo mwepesi ni uchangamfu na bashasha. Neno ni la lazima kwa sababu hali mbili zinaweza kupata alama sawa zisiombe wimbo mmoja. Simanzi hutokana na tukio linalojulikana, kama msiba au kuachwa, na mwenye simanzi hupenda kusikia sauti ya mwanadamu mwingine ikisema jambo lile lile. Sononeko humkalia mtu bila kumwambia limetoka wapi, na kwa uzoefu wangu hutulizwa vizuri zaidi na ala zisizo na maneno, kwa sababu maneno ya mwimbaji humlazimisha msikilizaji kutafuta sababu ambayo hana.

Hatua ya pili: amua kama unataka kubaki au kuondoka

Ukishajua ulipo, amua kama unataka muziki ukae nawe hapo au ukuondoe. Watu wengi huliruka swali hili. Mtu mwenye nguvu 1 na moyo 1 hufungua moja kwa moja muziki wa harusi akitumaini utamwinua, na kabla ya wimbo wa pili kuisha ameuzima kwa hasira, kwa kuwa muziki ule unashangilia na yeye hana cha kushangilia. Wataalamu wa tiba ya muziki wanayo kanuni ambayo daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler aliieleza huko Marekani katika miaka ya 1940: anza na muziki unaofanana na hali ya mgonjwa jinsi alivyo, kisha ubadilishe kidogo kidogo kuelekea kule unakotaka afike. Kanuni hiyo inafaa nyumbani kama inavyofaa hospitalini.

Nitaonyesha kwa jioni moja. Nilikuwa nimerudi kutoka mazishi ya jirani, na kesho yake nilikuwa na kazi ya kuwahi alfajiri. Nguvu 2, moyo 1, neno: simanzi. Nilianza na bashraf, ala tupu ambazo kwa desturi hutangulia onyesho la taarab Unguja, ganuni na fidla zikijibizana bila mwimbaji, kwa dakika kumi. Kisha nikaingia kwenye taarab ya kale yenye mwimbaji, ya polepole, kwa robo saa, na hapo ndipo machozi yaliponitoka, nikayaacha. Baada ya hapo nilihama kabisa, nikaenda kwenye kituo cha Kongo kilichokuwa kikipiga rumba ya zamani, gitaa zikiwa bado hazijachangamka. Dakika ya arobaini ilinikuta jikoni naosha vyombo, na mguu wa kulia ulikuwa ukipiga sakafu wenyewe bila mimi kuuamuru. Nilijipima tena: nguvu 3, moyo 3. Sikutaka kwenda zaidi ya hapo, maana mtu aliyetoka makaburini hana sababu ya kufika 5 siku hiyo hiyo. Kanuni niliyojiwekea tangu wakati huo ni kupanda alama moja tu kwa kila kituo.

Anayetaka kubaki alipo naye ana haki yake. Mfiwa alie na wimbo wake, na mwenye hamaki apige muziki wa kishindo mpaka hamaki impungue, ila aamue tangu mwanzo atazima saa ngapi. Nasema hili kwa uzito: ikiwa alama ya moyo imekaa 1 au 2 kwa wiki mbili mfululizo, na usingizi na hamu ya chakula vimeharibika, jambo hilo limekwisha kuwa kubwa kuliko redio. Mweleze mtu wa karibu, na umwone daktari.

Hatua ya tatu: andaa vyombo na uhesabu bando

Chombo ninachokipendekeza kwanza ni Radio Garden, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2016. Ukiifungua unaona dunia inayozunguka kwa kidole, imejaa nukta za kijani, na kila nukta ni mahali penye kituo kimoja au zaidi. Unapeleka duara la katikati juu ya nukta, unasubiri kidogo, na sauti inaingia. Ninaipenda kwa sababu haikuulizi unajisikiaje wala haikuwekei orodha ya hali. Inakupeleka mahali, na mahali pana watu wake na saa yake. Kituo kikikupendeza, gusa alama ya moyo ili kihifadhiwe.

Cha pili ni Radio Browser, orodha ya bure ya vituo inayojengwa na watumiaji wenyewe, ambako unaweza kuchuja kwa nchi, kwa lugha, au kwa aina ya muziki, na kuona kila kituo kinarusha kwa kasi gani. Wenye simu za Android wanaweza kuitumia orodha hiyo kupitia programu ya RadioDroid. Cha tatu ni Radiooooo ya Ufaransa, ambayo haina matangazo ya moja kwa moja: unagusa nchi kwenye ramani, unachagua muongo wa miaka, kisha unachagua kama unataka nyimbo za polepole, za haraka, au za ajabu. Kwa mtu anayetaka kubaki kwenye utulivu, kuchagua nchi moja na miaka ya 1960 kisha kuacha polepole peke yake ni njia rahisi mno. Wapo pia wanaopanga vituo kwa hali lakini kwa mikono ya watu, kama SomaFM ya San Francisco, inayorusha tangu mwaka 2000 kwa michango ya wasikilizaji bila matangazo ya biashara. Mmoja wa mikondo yake, Drone Zone, ni wa sauti ndefu zenye mapigo machache mno, na nimeutumia usiku mwingi wa sononeko.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi na kila msikilizaji anapaswa kuijua. Kasi ya kituo hutajwa kwa kilobiti kwa sekunde. Igawanye kwa 8 upate kilobaiti, kisha uzidishe kwa sekunde 3,600 za saa moja. Kituo cha kilobiti 64 kinakula megabaiti 28.8 kwa saa, cha 128 kinakula 57.6, na cha 320 kinafika 144. Maana yake ni kwamba gigabaiti moja inaweza kukupa zaidi ya saa 34 kwenye kituo cha kwanza, na isifike saa 7 kwenye cha mwisho. Kwa spika ya simu hutaisikia tofauti inayostahili gharama hiyo. Ukiona kituo cha kasi ndogo kimeandikwa AAC+, usikidharau, kwa kuwa mfumo huo hutunza sauti vizuri kuliko MP3 kwenye kasi za chini.

Hatua ya nne: chagua kituo kwa saa ya huko kilipo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo wengi hawaifikirii. Watangazaji wa kila nchi hupanga muziki kwa kufuata siku ya wasikilizaji wao: asubuhi wa kuamsha, mchana wa kusindikiza kazi, jioni wa barabarani, usiku wa manane wa walio macho peke yao. Kwa hiyo saa ya mahali ni kibandiko cha hali kilicho cha kweli zaidi kuliko vyote, kwa sababu kimewekwa na mtu anayeishi ndani ya saa hiyo. Wewe ukiwa na hali isiyolingana na saa ya kwenu, nenda kwenye nchi ambayo saa yake inalingana na moyo wako.

Chukua mfano wa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa aliyeamka saa nne asubuhi siku ya mapumziko, amechoka, na anataka utulivu wa usiku. Vituo vya nyumbani wakati huo vimechangamka, mzaha na simu za wasikilizaji zinapishana. Huko California, muda huo ni kati ya saa tano usiku na saa sita usiku kulingana na majira ya mwaka, na watangazaji wa zamu ya usiku wameanza kushusha sauti. Mwenye hali iliyo kinyume, yaani amefika nyumbani saa kumi na mbili jioni akiwa na nguvu zake zote na hataki kulala mapema, aende Rio de Janeiro, ambako ni adhuhuri kamili. Saa nne usiku ya Dar ni saa moja jioni Bamako na Dakar, wakati wa watu kutoka kazini, na ni saa kumi na mbili jioni Praia, huko Cape Verde. Aliyekosa usingizi saa kumi alfajiri azungushe dunia mpaka Mumbai, ambako ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mara nyingi atakuta nyimbo za ibada za kuanzia siku, tulivu na zenye matumaini. Mji huo si mgeni kwa muziki wetu: ulipokuwa ukiitwa Bombay, Siti binti Saad alikwenda huko kutoka Unguja mwaka 1928 kurekodi santuri zake.

Kwa usiku wa Jumamosi ninao mpango mmoja usiobadilika. Kinshasa iko nyuma ya Dar kwa saa mbili na Lubumbashi kwa saa moja. Vituo vya nyumbani vinapoanza kupoa saa sita usiku, Kinshasa ndiyo kwanza saa nne, na rumba imekolea. Atakayehama Dar kwenda Lubumbashi na kisha Kinshasa anaurefusha usiku wake bila kubadilisha hali ghafla, maana gitaa ni ndugu.

Wenye ndugu Ulaya, Ghuba au Amerika Kaskazini wanaijua hatua hii kwa upande wa pili. Kwa Mswahili aliyeko Toronto mwenye upweke wa saa nane mchana, redio ya Mombasa inayosoma salamu za usiku ni dawa kubwa, na hahitaji programu ya kumwambia hivyo.

Hatua ya tano: kipe kituo dakika kumi

Usihukumu kwa wimbo mmoja. Huenda umeingia kwenye tangazo la biashara, au kwenye wimbo ambao mtangazaji ameombwa na msikilizaji. Sikiliza dakika kumi, ukiangalia jambo moja: jinsi wimbo mmoja unavyokabidhi kwa mwingine. Kituo chenye mtu makini hakikutoi kwenye udi na kukutupa kwenye ngoma za klabu bila kukuandaa. Kikifanya hivyo mara mbili, hama.

Hatua ya sita: usiamini kibandiko cha hali mpaka umeusikia wimbo wote

Huduma kubwa za muziki hupima hali ya wimbo kwa mashine. Spotify, kwa mfano, iliinunua kampuni ya Echo Nest mwaka 2014, na kwa msingi wa kazi ya kampuni hiyo kila wimbo umepewa alama za nguvu, za kufaa kuchezwa, na za uchangamfu wa sauti, kuanzia 0 hadi 1. Mashine inasikiliza mambo kama kasi ya mapigo, ukubwa wa sauti na mpangilio wa noti, kisha inatoa alama moja kwa wimbo mzima. Hapo kwenye alama moja kwa wimbo mzima ndipo muziki wetu unapopata shida.

Wimbo wa dansi wa Kitanzania, wa mtindo uliokuzwa na bendi kama Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, kwa kawaida una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya hadithi: mwimbaji anaeleza polepole alivyotendwa na mpenzi, au alivyoachiwa watoto, au alivyosahauliwa na nduguze, na gitaa zinamsikiliza. Kisha ngoma inabadilika, tarumbeta zinaingia pamoja, gitaa la solo linaanza kukimbia, na wimbo unafika kwenye chemko, ambako kila aliyekuwa ameinamisha kichwa anasimama kucheza. Kwenye rumba ya Kongo sehemu hiyo ni sebene. Huzuni na ngoma vimo ndani ya wimbo mmoja, na kwa hakika ndivyo vilivyokusudiwa: msikilizaji aingie na mzigo wake na atoke ameutua. Ni kanuni ile ile ya Altshuler ndani ya dakika nane au kumi. Mashine ikichanganya sehemu mbili hizo na kutoa wastani, inapata wimbo usiokuwepo, wa nguvu za katikati na furaha ya katikati. Huduma moja niliyokuwa nikiitumia iliwahi kuuweka wimbo wa namna hiyo kwenye orodha ya kulalia. Nilikuwa nimeshaanza kupotelea usingizini, mtoto amelala kifuani kwangu, tarumbeta za chemko zikatuinua wote wawili.

Taarab ina ugumu mwingine, nao uko kwenye maneno. Sauti inaweza kuwa tamu na ya upole, kumbe kila ubeti ni kijembe kilichonolewa kwa ajili ya mtu aliyekaa mstari wa tatu. Rusha roho inaweza kuwa na kasi ya kuchezeka kabisa huku maneno yake yakiwa ya mtu aliyeumizwa na anayerudisha pigo. Anayelijua fumbo anacheka au anainuka kwenda kutunza. Asiyelijua anasikia wimbo wa mapenzi. Zaidi ya hayo, taarab ya Unguja imejengwa juu ya maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya noti, ambazo hazigawanyiki kwa urahisi kati ya sauti ya furaha na sauti ya huzuni kama muziki wa Ulaya unavyofundishwa. Sikio la mpwa wangu aliyekulia ughaibuni linaisikia bashraf yoyote kuwa ni ya huzuni. Sikio la mama yangu linasikia harusi inakaribia kuanza. Kwa hiyo kibandiko cha hali, hata kikiwekwa na binadamu, ni cha sikio lililokiweka.

Cha kufanya ni hiki. Ukipata wimbo mpya, sikiliza dakika ya kwanza, kisha ruka hadi katikati, kisha mwishoni, kabla ya kuuingiza kwenye orodha yako. Mpe kila wimbo maneno mawili, la mwanzo na la mwisho: simanzi–uchangamfu, utulivu–utulivu, hamaki–bashasha. Nyimbo ambazo maneno yake mawili yanafanana ndizo za kubaki nazo, na ni hizo tu zinazofaa kulalia. Nyimbo zenye maneno mawili tofauti ni za kuondokea, na zitumie kama daraja katikati ya safari ya hatua ya pili. Kwa taarab ongeza alama ya tatu ya kuonyesha kama kuna mafumbo, hasa ukipanga muziki wa shughuli ya watu. Wimbo wa kijembe ukipigwa mbele ya wifi na mke mwenza unaweza kuvunja karamu ambayo watu wameichangia miezi mitatu.

Hatua ya saba: ukamate wimbo kabla haujapita

Redio hairudi nyuma. Baadhi ya vituo huandika jina la wimbo kwenye kioo, na hapo kazi imekwisha: piga picha ya kioo. Vituo vingi vya Afrika Mashariki haviandiki, na programu za kutambua nyimbo mara nyingi hushindwa na rekodi za dansi za miaka ya 1970 ambazo hazikuwahi kuingizwa kwenye kumbukumbu zake. Andika mambo matatu haraka: jina la kituo, saa na dakika, na mstari mmoja wa maneno jinsi ulivyousikia, hata kama huna hakika nao. Mstari wa kiitikio ukiutafuta kwenye intaneti ndani ya alama za kunukuu, mara nyingi utakupeleka kwa mtu mwingine aliyeupenda wimbo huo huo.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya kumwuliza mtangazaji. Vituo vingi vina namba ya ujumbe inayosomwa hewani. Salimia kwanza, jitambulishe na utaje unapoishi, sema ni wimbo uliopigwa saa ngapi, na uulize jina lake na la bendi. Watangazaji wa vipindi vya zilipendwa huyapenda maswali ya namna hii, na mara nyingi jibu linakuja na zawadi: nani alipiga solo, bendi ilikuwa ikipiga ukumbi gani, na wimbo wa pili wa kuutafuta. Hakuna mashine iliyowahi kunipa kumbi.

Hatua ya nane: weka daftari, na uilinde simu yako

Daftari langu ni la shule, la kurasa 96, na kila mstari una mambo matano: siku na saa, alama mbili na neno la kuanzia, kituo na mahali kilipo, alama mbili za kumalizia, na wimbo niliokamata. Mstari mmoja wa Jumanne unasomeka hivi: "Saa 3 usiku. 4/2, wasiwasi. Praia, kituo cha pili kutoka juu, sauti ya mwanamke na gitaa moja. Saa 3:35, 3/3. Wimbo haukutajwa." Baada ya mistari kama thelathini utaanza kuona mambo ambayo hukuyajua kukuhusu. Mimi niligundua kwamba wasiwasi wangu hautulizwi na muziki wa polepole hata kidogo. Hutulizwa na muziki wa kasi ya kati unaoimbwa kwa lugha nisiyoielewa, kwa kuwa akili inaacha kufuata maneno.

Kuhusu simu, kumbuka kwamba huduma za muziki zinazopendekeza nyimbo hujifunza kutokana na kila unachokisikiliza. Ukilia na nyimbo za majonzi kwa wiki moja, mwezi unaofuata utaletewa majonzi, hata moyo ukiwa umeshapona. Spotify ina kipengele cha kusikiliza faragha, kiwashe kabla ya jioni za namna hiyo na pia unapompa mtoto simu. Redio ya moja kwa moja haina tabia hiyo: haijui jana ulikuwa na hali gani, na kituo kinampigia kila mtu wimbo ule ule. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kuanza na redio, na kuziacha orodha za mapendekezo kwa siku ambazo sitaki kugundua chochote.

Mwisho, hifadhi vituo viwili kwa kila kona ya hali, yaani vinane kwa jumla, na si kimoja kimoja. Viungo vya redio za intaneti hubadilika na kufa bila taarifa, na umeme wa studio ndogo hukatika kama wa kwetu. Kila baada ya mwezi vijaribu vyote vinane kwa dakika moja moja, na kilichonyamaza ukitafutie mrithi siku ambayo moyo ni mwepesi, ili usianze kukitafuta usiku ambao ndio hasa ungekihitaji.